Samaki Waliotema Chakula Changu

Nimeuza samaki wakavu soko la Ifakara zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia nimlishe samaki. Kwangu samaki alikuwa anafika ameshakufa. Nilimkagua, nikamnunua au nikamkataa, na yule aliyekosa mteja nilimpika. Kwa hiyo mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa binti yangu, aliposhuka kwenye bajaji na sanduku la kioo refu kama meza, akasema litakaa sebuleni kwangu pale palipo na kabati la vyombo, nilimuuliza jambo moja tu.

"Hao samaki tunawala lini?"

"Bibi, hawa hawaliwi. Wanaangaliwa."

"Wanaangaliwa wakifanya nini?"

"Wakiogelea."

Nikamwambia mimi nimezaliwa Mofu, pembeni ya mto, nimeangalia samaki wakiogelea tangu sijaota meno, na hakuna mtu aliyesema ni kazi. Alicheka. Kabati likahamishwa.

Mjukuu huyu alikuwa ametoka chuoni, amesomea ufugaji wa samaki. Wenzake wanafuga perege wa kula. Yeye akachagua samaki wa mapambo, wale wekundu wadogo wenye mkia kama kitambaa. Alikuwa amewaweka kwenye mapipa ya plastiki yaliyokatwa katikati, nyuma ya nyumba yangu hapa Katindiuka, na wale wazuri kuliko wenzao ndio walioingia sebuleni kwenye tanki la kioo. Alikuwa hajauza hata mmoja. Baba yake, mkwe wangu, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshamtafutia nafasi ya kukaa kaunta katika duka la dawa za mifugo la rafiki yake kule Kiberege. Aliweka wazi: akimpata mteja wa kwanza, yeye baba atanyamaza. Asipompata, mapipa yatakuwa ya kufulia nguo na binti atakwenda Kiberege.

Mteja wa kwanza alikuwa sista mmoja anayesimamia chekechea. Alitaka tanki la samaki kumi na wawili wekundu lisimame darasani, watoto walitazame wakati wakisubiri uji. Akaja kuwaona.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Sista. Karibu."

Hakukaa. Aliinama mbele ya kioo akawaangalia, mikono nyuma, kama anayekagua kucha za wanafunzi.

"Binti, uliniambia wekundu."

"Ndiyo, Sista."

"Hawa wana rangi ya maji ya maharage. Na huyu mbona mapezi ameyafunga kama mwavuli? Nikipeleka hawa, watoto wataniuliza wanaumwa nini."

Mimi ndiye niliyejibu, nikasema ni wageni, hawajazoea.

"Basi wazoee," sista akasema. "Shule inafunguliwa baada ya wiki sita. Nitarudi siku chache kabla. Nikiwakuta hivi, naweka televisheni ukutani na mambo yaishe. Televisheni haili wala haichafui maji."

Alipoondoka mjukuu wangu alikaa chini sakafuni. Nikamwambia ainuke, sakafu ni ya baridi, aniletee hicho anachowalisha.

Akaleta kopo. Kopo zuri, lina picha ya samaki mwekundu anayecheka. Nikalifungua nikanusa. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini pua yangu haikuishia huko. Kopo lilinuka stoo ya unga.

"Soma hapa wameandika nini."

"Protini kwa wingi."

"Hiyo ya maandishi makubwa nimeiona. Soma madogo. Kimetengenezwa na nini?"

Akasogeza kopo dirishani. "Ngano. Mahindi. Soya. Halafu mabaki ya samaki. Halafu unga wa manyoya."

"Manyoya ya nani?"

"Ya kuku, bibi. Yanapikwa yanasagwa. Yana protini."

"Na kucha zangu?"

"Nazo zina protini."

"Basi lete wembe nikukatie."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini baada ya kucheka nilimtaka anieleze vizuri, na alinieleza. Protini ndiyo inayojenga mwili wa samaki. Kinachoandikwa kwanza kwenye kopo ndicho kilichotiwa kingi. Mabaki ya samaki ni vichwa, mifupa na magamba, vile vinavyobaki kiwandani minofu ikishaondolewa. Na ile mashine inayopima protini haitofautishi ya mnofu na ya unyoya; inahesabu tu. Kuna viwanda vinavyopika manyoya vizuri yakafaa, na kuna vingine, na kopo halikuambii.

Hapo nikaelewa kabisa, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niletee magunia mawili ya samaki wakavu yenye uzito sawa. Moja ni minofu, jingine ni vichwa na mifupa ya mgongo. Mzani unasema ni sawa. Mama anayelisha watoto saba hasemi ni sawa.

"Tunatengeneza wenyewe," nikasema. "Kesho sokoni."

Sokoni nilimkuta bibi tuliyekaa naye meza kwa meza miaka mingi. Bado anauza dagaa. Aliponiona akawageukia wenzake.

"Jamani, leo itanyesha! Mstaafu amerudi. Umekuja kuniharibia wateja?"

"Nimekuja kununua."

"Wewe? Kununua kwangu?"

"Kama wananunulika. Nipe bakuli la maji."

"Haya, ameanza."

Nilichukua konzi ya dagaa nikatia kwenye maji, nikakoroga kwa kidole, nikasubiri. Dagaa wakaelea. Chini pakabaki mchanga, safu nzima.

"Dada, unauza dagaa au viwanja? Nikinunua ndoo mbili hapa najenga."

Wenzake wakapiga makofi. Yeye akasema mchanga huo umetoka ziwani, si wake. Nikavunja dagaa mmoja: tumbo limegeuka manjano na linanuka mafuta ya zamani. Nikavunja wa pili, hivyo hivyo. Nikamshukuru, nikamwambia nitapita siku nyingine. Akanijibu kwamba siku nyingine hatakuwa na bakuli.

Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Kisha nikakosea, na nilikosea kwa kiburi.

Ninyi mnaosoma mkiwa mbali, hili bonde letu la Kilombero likijaa maji hakuna jua la kukausha samaki. Anayetolewa mtoni anabanikwa. Mama yangu alikuwa na chanja yake ya miti juu ya moto mdogo, na samaki walilala pale mpaka wakawa weusi, wagumu, wanalia wakigongana kama kuni. Kwetu harufu ya moshi ndiyo harufu ya usafi. Samaki asiyenuka moshi anatiliwa shaka kwanza, mpaka ajieleze. Kwa hiyo nilipofika kwa wauza kambale waliobanikwa Mofu, nikamkuta kambale mmoja mnene, nikambonyeza nyuma ya kichwa, nikanusa shavu, nikamtikisa nisikie kama ana wadudu, moyo ukatulia. Nikasema protini ndiyo hii.

Mjukuu wangu akashika mkono wangu. "Bibi, waliobanikwa? Nimesoma kwamba moto mkali..."

"Umesoma wapi?"

"Chuoni. Na kwenye simu."

"Simu imewahi kubanika samaki?"

Akauachia mkono wangu. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimemnyamazisha.

Kwenye mashine ya kusaga walitukataa. Yule mwenye mashine alisimama mlangoni kabisa, mikono ameipanua. "Bibi, nakuheshimu, lakini ukisaga kambale humu, wateja wangu wa sembe watakula ugali wa kambale wiki nzima." Tukatwanga kwenye kinu. Tukachekecha, tukachanganya na unga wa ngano kidogo, maana bila unga haishikamani, tukapika kwa mvuke, tukasugua kwenye chekeche zikatoka chembe ndogo ndogo, tukaanika. Nyumba nzima ilinukia. Mimi mwenyewe nilionja. Tamu.

Tukawapa samaki. Walikuja mbio wote kumi na wawili, midomo wazi. Wakachukua. Wakatema. Wakachukua tena, wakatema tena. Yule mkubwa kuliko wote alitema chembe moja mara nne, nikahesabu, halafu akaigeuzia mkia.

"Wamedekezwa," nikasema. "Njaa itawafundisha."

Siku ya pili juu ya maji pakawa na utando wa mafuta, unang'aa kama mafuta ya taa. Siku ya tatu tanki likanuka. Mjukuu wangu alikuwa anabadilisha maji asubuhi na jioni, ndoo kwa ndoo, hasemi neno. Ingekuwa afadhali aniseme. Siku ya nne yule mkubwa alilala ubavu chini ya tanki, shavu linapanda na kushuka polepole. Nikiwa jikoni nikamsikia mjukuu anaongea na simu uani.

"Ndiyo, baba. Nimeelewa. Hapana, sijakasirika. Kiberege, sawa."

Sikuwa nimemsikia akisema "sawa" kwa sauti ile tangu alipokuwa mdogo akidungwa sindano.

Niliacha mboga motoni nikaenda kukaa na kiti mbele ya tanki. Nikachukua chembe moja ya chakula changu nikaitia kwenye glasi ya maji, nikaitazama. Mboga ikaungua, nikaisikia, nikaiacha. Mpaka adhuhuri ile chembe ilikuwa bado ngumu kama kokoto. Nikaitoa nikaiweka kati ya meno yangu yaliyobaki, nikaivunja. Tamu bado. Lakini samaki wale midomo yao ni laini kama ya mtoto mchanga, na moshi hawajawahi kukutana nao, watakutana nao wapi, ndani ya maji? Nilikuwa nimewachagulia kitoweo changu mimi.

Nikamwita.

"Nimekosea."

"Bibi?"

"Umesikia. Sirudii. Fungua hiyo simu yako uniambie ulichotaka kusema pale sokoni."

Akaniambia, bila kunicheka, na hilo sikulisahau. Nyama iliyokaa sana kwenye moto inakakamaa, protini ipo lakini tumbo la samaki mdogo haliwezi kuifungua. Mafuta yake nayo yakikaa yanachacha, na yaliyochacha yanawadhuru. Nikamuuliza sasa nzuri ni ipi. Akasema ni samaki mdogo mzima, aliyekaushwa akiwa bado mbichi kabisa, kwa moto kidogo. Na wadudu.

"Wadudu?"

"Bibi, samaki mtoni wanakula nini?"

Swali hilo alipaswa kuniuliza siku ya kwanza, au mimi nilipaswa kujiuliza. Nilikulia kwenye mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Nimewaona vidagaa chini ya mpunga wakirukia kila kinachoanguka: mbu, panzi wachanga, kumbikumbi baada ya mvua. Hakuna hata siku moja niliyowaona wakirukia kambale wa kubanika.

Tulianza upya. Yule mkubwa tulimtenga kwenye beseni la maji safi, siku mbili bila kula. Nikamwagiza mama mmoja wa Mofu anayeleta samaki wabichi kwa pikipiki asubuhi aniletee vidagaa. Mzigo wa kwanza niliukataa, macho yameingia ndani. Akanuna. "Bibi, kwani watakuangalia?" Mzigo wa pili macho yalikuwa yamesimama, mashavu mekundu, mwili ukibonyezwa unarudi. Tukawapitisha kwenye maji yaliyochemka kwa muda mfupi tu, tukawakamua mafuta kwa kitambaa, tukawaanika juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, umefunikwa na chandarua kwa ajili ya nzi. Jua lilikuwa kali. Jioni walikuwa wakavu, wa rangi ya fedha, ukinusa unasikia mto. Kumbikumbi wakavu nilipata kwa jirani, nikawapepeta mabawa yote yakaondoka. Jirani akauliza kuna sherehe gani. Nikamwambia wageni wangu hawapendi ugali.

Tukaongeza kiini cha yai, unga wa majani ya mlonge na ngano kidogo ya kushikia. Halafu nikaweka sheria: hakuna kitu kinachoingia kwenye tanki mpaka kipite kwenye glasi.

Tukaweka glasi tatu dirishani. Ya kwanza chakula cha kopo, ya pili cha kambale, ya tatu hiki kipya. Cha kopo kikavurugika mara moja, maji yakawa uji. Cha kambale kikakaa kama kokoto, juu mafuta. Cha tatu kikalainika taratibu lakini hakikuvunjika, na maji yakabaki safi, nikaweza kusoma gazeti ng'ambo ya glasi, kwa miwani. Mjukuu wangu akapiga picha. Nikamwambia asubiri kupiga picha mpaka wale wenye matumbo waseme.

Tukawapa wawili kwanza, kwenye beseni. Wakachukua. Sisi wawili tumeinama juu ya beseni. Wa kwanza akatafuna, akameza. Wa pili akameza, akageuka kutafuta zaidi.

"Amemeza!" mjukuu akanipiga begani, kofi la kweli.

"Mke mwenzangu, utanivunja. Ngoja tuone kinachotoka."

Maana kinachotoka ndicho kinachosema ukweli. Nilikuwa nawachungulia mavi yao kama nesi wa kliniki. Wakila kopo walikuwa wanaburuta uzi mrefu mweupe nyuma yao. Sasa yalikuwa mafupi, meusi, yanaanguka mara moja. Mimi, kwa umri wangu, nilifurahia mavi ya samaki kuliko nilivyofurahia uzio mpya wa nyumba hii. Nasema kweli.

Rangi haikuja haraka. Kwanza mapezi yalifunguka. Kisha wakaanza kugombana, jambo ambalo mjukuu alisema ni zuri. Wiki ya tatu nikaona wekundu umeanzia tumboni, unapanda mgongoni. Yule mkubwa alipona akarudi kwa wenzake, na hasira zake zote. Mmoja tu ndiye aliyebaki na rangi ya maji ya maharage mpaka leo, anakula vizuri kuliko wote, na sijui kwa nini.

Sista alirudi siku aliyosema. Aliingia, akasalimu, akainama mbele ya kioo, mikono nyuma vilevile. Mjukuu wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, anakunja na kukunjua kona ya kitenge chake.

"Mmewapaka rangi?"

"Sista, chovya kidole," nikasema.

Akachovya. Wote kumi na wawili wakakimbilia kidole chake wakakidonoa. Akapiga kelele ndogo, akakitoa, kisha akakirudisha.

"Wanakula nini?"

Mjukuu akamletea mtungi wetu. Sista akaugeuza, akatafuta maandishi. "Haijaandikwa ina protini kiasi gani."

"Hatujapima," mjukuu wangu akasema, sauti imepungua.

"Sasa nitajuaje ni nzuri?"

Basi nikamweleza yote, la kambale nalo, utando wa mafuta nao, na yule mkubwa kulala ubavu. Mjukuu alikuwa ananifinya mgongoni nisiseme. Nilisema. Muuzaji anayeficha kasoro ya samaki nilimwona sokoni, na mteja aliyefichwa nilimwona, na wote wawili najua walivyoishia. Nikamwonyesha glasi tatu, tulikuwa tumezipanga upya asubuhi ile. Akaziangalia moja moja, akanusa ya katikati.

"Huu unga wa kambale uliobaki mliutupa?"

"Tutupe kambale, Sista? Tulimla na mchicha na nazi. Yule hakuwa na kosa lolote."

Sista alicheka mpaka akaketi, mara ya kwanza kuketi kwenye kiti changu. Kisha akajifuta macho akamgeukia mjukuu wangu.

"Nawachukua. Na huyu wa maji ya maharage pia, watoto watampenda kwa sababu ni tofauti. Na mtungi wa chakula kila mwezi. Lakini bibi aje siku ya kwanza awaonyeshe watoto kipimo, maana wale wakiachiwa watawamwagia bakuli zima la uji."

Mjukuu wangu alimsindikiza sista mpaka barabarani kwa heshima zote, akarudi akitembea, akafunga mlango, ndipo akaanza kuruka. Vyombo kabatini vikalia. Nilimwacha aruke kidogo, halafu nikamwambia apige simu kwa baba yake kabla hajavunja kitu.

Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Baba, amewachukua. Wote."

Mkwe wangu akanyamaza. Alikuwa ameahidi kunyamaza, na ni mtu wa kutimiza. Tulisikia kuku wa kwake wakilia. Halafu akakohoa.

"Hicho chakula," akasema, "mnakitengenezaje? Rafiki yangu wa Kiberege ana samaki kwenye pipa, wamepauka."

Mjukuu akaziba mdomo kwa kitenge. Nikanyoosha mkono, akanipa simu.

"Umeongea na mwanao. Mimi hujaniona?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Kalamu unayo? Haya, andika. Kwanza anaangalia macho ya vidagaa."